Filamu ya Mjukuu na Hotuba ya Mkaguzi

Mwalimu mwenzangu, nakuandikia haraka. Nimetoka sasa hivi kwenye onyesho la filamu ya mjukuu wangu, ile iliyopata tuzo.

Mle mwalimu ana rula badala ya mkono, na kila anapomchapa mtoto, ukuta unatokwa na wino mwekundu. Nusu ya ukumbi walishangilia, nusu wakaguna. Mimi niliyeshika rula miaka thelathini nilisimama kupiga makofi.

Ndipo Mkaguzi wa shule, swahiba wetu huyo huyo, akapaza sauti: "Huu ni uchafu! Mtoto huyu kalelewa na nani?"

Kalelewa na nani! Nami nipo kiti cha pili kutoka kwake! Mjukuu akanishika mkono: "Babu, mwache." Nikamwacha.

Kalelewa na nani. Miaka yote hii hotuba zake namwandikia mimi, wala hajawahi kuipitia hata moja kabla ya kupanda jukwaani.

Jumamosi anawahutubia walimu wastaafu. Hotuba nimeshaianza. Aya ya tatu anaisifu filamu. Ya nne anamshukuru, kwa heshima zote, babu aliyemlea msanii.

Wewe keti mstari wa mbele, uwe wa kwanza kupiga makofi.