Nyota ya Saa Moja na Nusu

Jumapili, Februari. Nkoaranga. Mchana ulikuwa wa joto, sasa kibaridi cha mlimani kimeshuka na nimejitanda khanga ya mama.

Shajara, leo nina la kuungama.

Nilipohamia Arusha mjini kikazi, mwishoni mwa mwaka juzi, mimi na mama tulijiwekea utaratibu. Saa moja na nusu jioni nampigia simu, kila mtu anatoka nje kwake, tunaitafuta ile nyota ya rangi ya chungwa aliyokuwa akinionyesha utotoni, tukishamaliza kukamua ng'ombe. "Umeiona?" "Nimeiona." Basi, moyo unatulia.

Haikupita miezi mitatu nikaingiwa na uvivu. Nikawa najibu "nimeiona" nikiwa jikoni, nakaanga vitunguu.

Jioni moja ya mwezi wa sita umeme ukakatika, nikatoka nje kweli. Anga safi, nyota ile haipo. Mama akasema simuni, "Naiona, iko palepale juu ya migomba." Jirani yangu, mwalimu wa jiografia, akanieleza kwamba miezi hiyo nyota ile inazama pamoja na jua, jioni haionekani kabisa.

Mama yangu alikuwa haoni. Na mimi sikujua, kwa sababu nilikuwa siangalii.

Usiku ule nililia sana. Kesho yake nikapanda huku kwa mama. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alinificha, akiogopa nitaacha kazi. Kumshawishi apasuliwe kumenichukua miezi, na juzi tu ndipo walipomtoa bandeji ya jicho la kulia. Jana kulikuwa na mawingu.

Leo jioni nimemshika mkono tukatoka uani. Nilikuwa naogopa kuliko yeye. Akatazama kwanza juu ya migomba, kwa mazoea. Kisha akainua uso taratibu, mpaka kilemba kikataka kudondoka.

"Kumbe imepanda mpaka huku," akasema. "Ile pale, ya chungwa."

Nikashindwa kujizuia, nikamweleza habari zangu zote za jikoni.

"Nilijua, Neema. Nilikuwa nasikia vitunguu."

Miezi yote ile alijua, na kila jioni alipokea simu yangu kwa furaha ileile.

Kesho narudi mjini. Ikifika saa moja na nusu, vitunguu vitanisubiri.