Bastola Ndani ya Sanda

Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya huku Thamesmead, London, yasiyomlowesha mtu wala kumwacha mkavu. Mikono yangu leo haitetemeki sana, kwa hiyo naandika mwenyewe bila kumsumbua mjukuu wangu Salma anichapie.

Mwezi uliopita daktari aliniambia kwamba moyo wangu umechoka, na kwamba uchovu huo hauna dawa. Nilimshukuru. Nina miaka themanini na moja, nimefundisha uraia Tanga zaidi ya miaka ishirini, na sipendi kuzungushwa. Tangu siku ile nimekuwa nikipunguza mizigo. Nimegawa vitabu. Nimewaomba radhi watu watatu, wawili wakanisamehe.

Limebaki moja, na leo nalisema hapa, mbele ya shajara hii na mbele ya wanafunzi wangu wa zamani mnaoisoma mtandaoni.

Nilikuwa na bastola.

Si ya risasi. Ni ya gesi: ukiifyatua hutoa mlio mkubwa na moshi wa pilipili, mtu akabaki analia na kukohoa lakini hafi. Niliinunua kihalali, dukani, Ujerumani, na risiti ninayo. Kwa miaka sita nimekuwa nikijiambia maneno hayo kama uradi.

Ilianzia Woolwich, mtaa wa jirani. Nilikuwa natoka sokoni na mihogo yangu, vijana wawili wenye baiskeli wakauvuta mkoba wangu, nami sikuuachia upesi. Nikavunjika kifundo cha mkono. Mfupa uliunga, lakini mimi sikuunga. Binti yangu Zaituni ni muuguzi. Akienda zamu nilikuwa nakaa sebuleni na taa zimezimwa mchana kweupe, mtu wa kusoma mita akigonga nimebana pumzi. Mimi, niliyewanyamazisha wanafunzi mia tatu uwanjani kwa kuvua miwani tu.

Mwaka ule ule nilikwenda kwenye harusi ya mpwa wangu, kwa dada yangu aliyeolewa Ujerumani. Mtaani kwao kulikuwa na duka lililouza nyuzi za kuvulia samaki, visu na bastola hizo za gesi, zimepangwa kama saa za mkono. Mwenye duka alikuwa mzee wa makamo yangu. Alidai pasipoti ahakikishe nimetimiza miaka kumi na minane. Nilicheka, naye akacheka, lakini aliisoma hadi mwisho. Akanionyesha alama ya ukaguzi iliyochongwa ubavuni. Akaeleza kwa Kiingereza cha taratibu kwamba nyumbani mtu anaweza kuiweka, ila akitaka kutembea nayo barabarani lazima aombe kibali.

Hapo ndipo nilipozoea kuikatisha hadithi, hata nilipojisimulia mwenyewe. Leo namalizia.

Aliniuliza naishi wapi. Nikamwambia London. Akaondoa mkono wangu juu ya kioo, kwa adabu, akasema huko hapana, huko ni silaha iliyokatazwa, wala hakuna kibali atakachonipa mtu. Nikamjibu kwamba itabaki nyumbani kwa dada yangu. Ndiyo maana akaniuzia.

Nilimdanganya mtu mwaminifu.

Nikarudi nayo London kwa basi, chini ya nguo za harusi, na hakuna aliyenipekua. Miaka yote ile niliandika ubaoni kwamba kutojua sheria si utetezi. Mimi nilikuwa naijua.

Sikuwahi kuifyatua. Niliishika mara mbili, nikaona ni nzito kuliko nilivyodhani, nikairudisha. Ila kuanzia hapo nilifungua mapazia, nikarudi sokoni kifua mbele, nikabishana bei za ndizi. Ilinichukua muda mrefu kutambua jambo la kuchekesha: nilikuwa natembea Woolwich bila woga, na bastola iko Thamesmead chini ya kitanda. Basi ule ujasiri haukutoka kwenye chuma. Ulikuwa wangu, umerudi nyumbani, nami nikampa sifa mgeni.

Sasa niseme nilikoificha. Nilitafuta mahali ambapo Zaituni hatagusa wala Salma hatapekua. Nikaiweka kwenye mkoba wa sanda yangu. Marehemu mume wangu alininunulia kitambaa hicho alipokwenda hija, akakiosha kwa maji ya Zamzam, na tangu hapo kiko chini ya kitanda changu pamoja na kafuri, udi na pamba. Nani afungue sanda ya mtu aliye hai?

Nilijiona mwerevu sana.

Jumapili alikuja Bi Mwanahawa kunitazama. Ni Mzanzibari, ndiye anayeongoza wanawake wanaotuoshea maiti huku, na akishasikia mtu ameambiwa neno na daktari huja na kaimati na mkanda wa kupimia. Baada ya chai akasema tuangalie vitu vyangu, kafuri isije ikawa imeyeyuka kwa ukongwe. Akainama kuuvuta mkoba. Nikamwambia aache. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mwalimu, hata sanda nayo unaitungia mtihani?"

Nikasema nimechoka, aje Ijumaa. Akaenda zake, akicheka peke yake kwenye ngazi.

Nilibaki nimekaa kitandani nikiwa na baridi. Kwa miaka sita nilikuwa nimeificha bastola katika kitu cha kwanza kabisa kitakachofunguliwa siku nikifa. Bi Mwanahawa angeingiza mkono kutafuta pamba. Polisi wangeitwa. Na aliye hai katika nyumba hii, mwenye jina kwenye mkataba wa pango, ni Zaituni. Angesema ni ya mama, nani angemthibitishia? Niliitoa ile risiti niliyoitegemea nikaisoma upya. Ina jina la duka na bei. Jina langu halimo. Muuguzi mwenye silaha iliyokatazwa nyumbani. Kazi yake ingekwenda, pengine na uhuru wake, kabla hata hajanimalizia matanga.

Nilikaa siku mbili nikitafuta njia ya mkato. Kuitupa mtoni ni uwongo wa pili, na mtoto angeweza kuiokota. Leo asubuhi, Zaituni aliporudi kutoka zamu ya usiku, nilimwekea chai nikamwambia yote, pamoja na sehemu ya mwenye duka.

Aliweka kikombe chini.

"Ipo wapi, Mama?"

"Ndani ya sanda."

Akauliza kwa ile sauti anayowatunzia wagonjwa wakaidi: "Yaani ufe, mimi niko kwenye kilio, ndiyo niikute?"

"Usingeikuta wewe, mwanangu. Angeikuta Bi Mwanahawa."

Alicheka bila kutaka, halafu akalia, halafu akanikemea kama nilivyokuwa nikimkemea yeye. Nilimwacha amalize. Alitaka apige simu yeye. Nikakataa. Kosa ni langu, simu ni yangu.

Yule wa polisi aliniuliza kama kuna mtu yuko hatarini. Nikamjibu hapana, isipokuwa mimi, na mimi ni mambo ya moyo. Nikataja jina, umri, anwani, nilichonacho na nilivyokipata. Akasema nisiiguse wala nisiipeleke kituoni, watakuja wenyewe.

Walikuja saa nane, mwanamke na mwanamume, wakafuta miguu vizuri mlangoni. Mwanamke ndiye aliyevaa glavu. Alipoona kitambaa cheupe alisita, akauliza ni nini. Nilimwambia hizo ni nguo zangu za safari ya mwisho. Hakuingiza mkono. Alimwomba Zaituni akinyanyue yeye, akasubiri, kisha ndipo akaitoa bastola na kuiangalia kama haina kitu ndani. Niliwapa na risiti. Nikasimulia tena, bila kuikatisha.

Aliniambia wazi kwamba hawezi kuniahidi kitu. Wakubwa wake wataamua, huenda nikaitwa kuhojiwa, ila itaandikwa kwamba nilisema mwenyewe na kwamba Zaituni hakujua. Hilo la pili ndilo nililokuwa nalitaka. Nilimwomba anisomee sentensi hiyo, akanisomea. Nimezoea kusahihisha, haikuwa na kosa.

Walipoondoka tuliikunjua sanda, vipande vyote vitano. Kimoja kina doa la mafuta ya chuma, kubwa kama kiganja. Zaituni akakiloweka, akakifua kwa mkono mara tatu mpaka likatoka. Zamzam ya mume wangu imekwenda na maji ya bomba, na nitamwomba radhi yeye mwenyewe, si muda mrefu.

Sasa kitambaa kimetandazwa juu ya kiti mbele yangu, kinadondosha matone kwenye beseni. Nakitazama wala sikiogopi. Barua ya polisi ije, nitaifungua mwenyewe nikiwepo. Nisipokuwepo, yaliyomo ni yangu na si ya mwanangu.

Nje bado manyunyu. Kwa hali hii ya hewa nguo haikauki kabla ya Ijumaa, na Bi Mwanahawa hapokei sanda mbichi. Basi kesho nipo.