Hoja ya Upande wa Pili

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, zikukute mzima wewe, shemeji na mtoto. Je, ameshaanza kusimama? Mama anasema wewe ulichelewa kusimama lakini uliwahi kusema, na mimi nilikuwa kinyume chako. Sisi huku tunakula na tunalala, ingawa kulala kwangu siku hizi ni kwa kugeukageuka. Mama bado anakwenda kazini asubuhi na viatu vyake vyeupe mkononi, ili vumbi la njiani lisivichafue, na anavivaa akishafika mlangoni pa wodi. Nakuambia haya mapema ili ujue kwamba hadi ninapoandika, kazi bado anayo.

Soksi hizi za mtoto anazokuletea wifi yako amezifuma Mama. Karatasi hii niliyoikunja ndani ya mojawapo, yeye haijui. Wifi yako naye hajui kwamba amebeba kitu zaidi ya soksi. Naomba usimwambie.

Unakumbuka ulipokuja likizo ulituambia juu ya kiapo mlichokula ofisini kwenu. Ulisema ni maneno tu: mtu anainua mkono, anaushusha, anarudi kwenye meza yake. Mama alikuongezea chai. Sasa kiapo hicho kimefika hospitalini. Kila mfanyakazi anasimama mbele ya wenzake na kuapa kwamba atapeleka taarifa ya neno lolote baya atakalolisikia juu ya viongozi, awe amelisema nani na popote pale. Siku ya wodi ya wazazi kuapa, Mama alikuwa leba na mwanamke ambaye mtoto wake aligoma kutoka asubuhi nzima. Matroni alituma watu kumwita. Mama akajibu kwamba kama matroni anajua namna ya kumwambia mtoto asubiri, aje amwambie mwenyewe. Wauguzi wenzake walicheka, wakasema yule mtoto alikuwa upande wa Mama tangu tumboni. Ikaonekana ni bahati mbaya, akapangiwa kuapa na kundi la mwisho wa mwezi.

Mimi peke yangu nilijua kwamba haikuwa bahati mbaya. Jioni ile tulipokuwa tukiosha vyombo, Mama alisema, kama mtu anayejisemea, kwamba mwanamke mwenye uchungu hutukana kila mtu: mume wake, mkunga, mama yake mzazi, na serikali ikipita karibu nayo inapata fungu lake. Akasema kazi yake ni kupokea kinachotoka tumboni, si kinachotoka mdomoni. Akauliza, siku wanawake wakijua kwamba mkunga anawasikiliza ili akawasemee, ni nani atakayethubutu kupiga kelele mbele yake? Na yule anayejikaza kimya, utajuaje kwamba anakufa? Kisha akaniambia nisugue sufuria, masizi hayatoki kwa kutazamwa.

Sasa nikueleze ya shuleni. Mwalimu wetu wa mdahalo, yule mrefu tunayemwita Mlingoti, ana sheria moja ambayo hakuna shule nyingine inayoifuata. Huruhusiwi kumpinga mtu mpaka kwanza uieleze hoja yake vizuri, yeye mwenyewe akuitikie kwa kichwa. Asipoitikia, unarudia. Wageni huuona mchezo huo wa ajabu, lakini ndio uliotuletea vikombe vilivyojaa kabatini kwa mkuu wa shule.

Safari hii mada ilitoka juu: kwamba ni wajibu wa kila raia kutoa taarifa ya anayoyasikia. Tulipiga kura ya pande kama kawaida, nikaangukia kuitetea. Mlingoti alinisaidia kuandaa majibu, na niliyakariri hadi nikawa nayasema nikifua. Mgeni rasmi alikuwa Bwana Afisa anayesimamia viapo. Aliwekwa mstari wa mbele, na soda yake juu ya kiti kidogo.

Mpinzani wangu alikuwa Kasuku, ambaye hata ukimwamsha usingizini ana la kusema. Nilianza kueleza hoja yake kama tulivyofunzwa. Nilikuwa nimeandaa kitu chepesi, kwamba watu wengine huona haya kuwasemea majirani. Kasuku hakuitikia, na alikuwa na haki, kwa sababu ilikuwa hoja ya kitoto. Nikarudia kwa maneno mengine, akaendelea kunitazama tu. Nikajaribu tena, na hapo, Dada, nilifungua kinywa na ikatoka leba. Nilisema yote juu ya mwanamke mwenye uchungu, juu ya tumbo na mdomo, na juu ya yule anayejikaza kimya hadi anakufa. Masizi tu ndiyo niliyoyaacha.

Kasuku aliitikia kwa kichwa. Akaitikia tena na tena, kama mtu asiyejua kwamba kichwa chake kinatembea. Zamu ya kujibu ikawa yangu. Nilisimama pale nikiitazama chupa ya soda ya Bwana Afisa. Kisha nikasema asante, nikaketi.

Niliitwa ofisini. Bwana Afisa aliniuliza kwa upole mama yangu anafanya kazi gani, na upole ule ndio ulionitia baridi. Nikasema ni muuguzi. Akauliza wa wodi gani. Nikasema wa wodi ya wazazi, kwani kuficha kungesaidia nini, nusu ya mji imepita mikononi mwake. Mkuu wa shule alikuwa akipanga kalamu zake mezani, na alipomaliza akazipanga upya. Hapo Mlingoti akaingilia. Akasema mtoto alipatwa na hofu ya jukwaa, majibu yakamtoka kichwani, na maneno ya mwanzo yalikuwa mazoezi tu ya mdahalo, yasiyo na mwenyewe. Yeye ambaye kila siku hutuambia tusimame wima, Dada, alisema hayo akiwa ameinama.

Bwana Afisa alikubali. Ijumaa nitasimama mbele ya shule nzima, Mama akiwepo, niseme kwamba nilisahau, kisha nitoe majibu yangu yote hadi mwisho. Nikifanya hivyo, jambo limekwisha. Nisipofanya, itabidi waulize maneno yale yalitoka nyumba gani.

Tangu siku hiyo naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Jirani akibisha kuomba chumvi, nachungulia dirishani kabla ya kufungua. Tangu baba atutoke tunaishi kwa kazi ya Mama, nami kwa ulimi wangu nimeiweka mezani mbele ya watu. Darasani wenzangu wamesogeza madawati kidogo kidogo, hakuna aliyenitukana, ila ghafla nimekuwa na nafasi kubwa. Kasuku ndiye aliyehamia kando yangu. Mwalimu alipomuuliza sababu, alisema amefuata nafasi, kule kwake wanabanana. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuongeza neno.

Sasa nifike kwenye lile lililonishikisha kalamu. Sikusahau, Dada. Majibu yote nilikuwa nayo, na hata sasa ninayo, naweza kukuandikia hapa bila kukosea. Pale mbele niliyapitia moyoni moja baada ya jingine, sikupata hata moja ambalo ningeweza kumwambia yule mwanamke aliye kitandani. Ndiyo maana nikaketi.

Nilimwambia Mama. Nilitazamia kipigo, au machozi, na nadhani ningependa kimojawapo. Yeye aliendelea kufuma hadi mwisho wa mstari. Akasema nikisema kwamba nilisahau, hatanilaumu, na nikisema kwamba sikusahau, hatanikana. Nikamwomba anichagulie. Akasema amezalisha watoto wengi lakini hajawahi kumsukumia mtu. Mwenye mimba husukuma mwenyewe, mkunga humshika mkono tu. Akasema Ijumaa atakuja amevaa sare yake, na viatu atavivalia nyumbani, vumbi na lije.

Nimeamua nitasema kweli. Nitasema kwamba sikusahau, na kwamba maneno yale ni yangu, kwa sababu yameshakuwa yangu.

Mama alinikataza kukuandikia. Alisema wewe una kiapo, na mtu mwenye kiapo usimpe cha kusikia, ni kama kumtwika mjamzito gunia. Nimemwasi, na jambo hilo linaniuma kuliko yote. Lakini niliona kwamba nikikuficha, nitakuwa nimeshakuweka kwenye kundi la watu ninaowaogopa, wewe uliyenishika kidole nikajifunza kusoma. Sikutaka kufanya hivyo. Kwa hiyo umesoma, na sasa umesikia. Utakalolifanya ni lako, nami sitakuuliza, wala sitakupenda kwa kupunguza.

Ila nina ombi dogo. Ukiichoma karatasi hii, mrudishie wifi yako soksi moja. Mwambie imembana mtoto, Mama aifumue aifume upya. Mama atanung'unika kwamba siku hizi watoto wanazaliwa na miguu mikubwa. Mimi nitaelewa.

Mbusu mtoto penye kile kishimo cha shavuni. Msalimie shemeji. Mama angekusalimu pia kama angejua kwamba nakuandikia, kwa hiyo pokea salamu zake kabla hajazitoa. Wifi yako akija tena huku, nitakuwa mlangoni kabla hajabisha.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda