Wanasema Bado Unakuja Kazini

Kaka Mhina,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitikia "Marahaba, umechelewa," hata kama mimi ndiye niliyefungua duka na kufagia kibaraza. Siku hizi nafungua mimi kila asubuhi na hakuna wa kuniambia nimechelewa, kwa hiyo najiambia mwenyewe, kwa sauti, huku nafunua kompyuta. Mama Neema wa cherehani hapo jirani akinisikia anatikisa kichwa.

Nakuandikia kwa sababu kuna habari zako hapa Korogwe, na sitaki uzisikie kwa mtu mwingine. Wanasema bado unakuja kazini.

Cheka tu. Mimi mwenyewe nilicheka, ila baadaye sana.

Ilianza tulipokwisha kukuzika kwenu Handeni na mimi nikarudi dukani hapa Kilole kuendelea na kazi. Mashine yenyewe ni ile yako ya mezani, ile tuliyokukuta umeilalia alasiri ile, nikadhani umesinzia, nikapunguza hata sauti ya redio ili usiamke. Mama Neema alikuja nimchapie barua ya kwenda ofisi ya kata. Nikabonyeza M ya Mheshimiwa, na kibodi yako isiyo na waya ikaandika Mmmmmmmm mpaka mwisho wa mstari, kidole nimekwisha kukitoa zamani. Nikafuta. Nikashika kipanya, nacho kikaleta yake: nasogeza mkono, mshale umeganda, naachia, ndiyo kwanza mshale unaondoka, unaruka kona hii mpaka kona ile. Mama Neema aliuona mkono wangu uko hewani na mshale unatembea. Akaitazama ile M. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa alasiri.

"Mhina huyo," akasema, akaondoka, hata barua yake akaisahau.

Unaijua Kilole. Jua halijazama habari imeshafika sokoni, na sokoni ilipata mbolea. Wateja wetu wa Kerenge wakija kuchapisha picha za harusi wakawa wanasubiri nje, wananipa flashi kwa kunyoosha mkono dirishani. Kilichonikera zaidi ni kwamba walikuwa na ushahidi. Asubuhi mashine nzima kabisa, mtu angeweza kuchapa barua ya kurasa kumi. Alasiri ikifika, vituko. "Saa yake ileile," wakasema.

Mimi sikuamini hata dakika moja. Sawa, dakika moja niliamini. Nilishika rozari yangu nikasema, "Kaka Mhina, kama ni wewe, peleka mshale kwenye kitufe cha kuzima." Mshale ukaenda upande mwingine kabisa. Hapo nikajua siyo wewe, maana sijapata kuona mtu mwenye haraka ya kuzima mashine kama wewe. Nikaweka rozari nikachukua betri mpya.

Betri hazikusaidia. Nikaleta kipanya kingine cha bluetooth, kile cha akiba, nacho kikaganda na kuruka vilevile. Nilikuwa bado natafuta mchawi wangu kwenye droo ya vifaa pale simu ilipoita kutoka Handeni. Alikuwa kaka yako mkubwa, Mzee Athumani. Akasema habari zimewafikia. Akasema watakuja na Bibi, mama yako, waichukue hiyo kompyuta waipeleke kwa mtu anayejua kutuliza mambo kama hayo, duka lifungwe, na mimi nirudi kwetu Ngombezi nikatafute kazi nyingine. Alisema kwa upole, sikumchukia. Halafu akaongeza, "Bibi halali. Anauliza mwanawe amesahau nini huko dukani mpaka arudi kila siku."

Kaka Mhina, duka ningeweza kulipigania kwa maneno, unanijua mdomo wangu. Lakini lile la Bibi kutolala sikuwa na maneno ya kulipigania. Mama aliyemzika mwanawe anaambiwa mwanawe hajapumzika, na kisa ni kipanya! Nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti chako, nikajiuliza swali lako. Kila mteja aliyekuja analia mashine imeharibika ulimwuliza kwanza, "Kimebadilika nini?" Wengi walijibu hakuna, na wewe ulinyamaza tu, unawatazama, mpaka wakakumbuka.

Nikajiuliza kwa sauti: tangu Kaka Mhina afariki, kimebadilika nini?

Kila kitu. Nililia kwanza, nikalia vizuri. Halafu nikapangusa uso nikaanza na vilivyobadilika kwenye mashine.

Kilichobadilika ni waya. Siku ya msiba, watu walipojaa hapa kabla ya safari ya Handeni, tulitoa meza tukatandika majamvi wanawake wapate kukaa. Ule waya wa mtandao uliotoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta yako ukakanyagwa, ukavutwa, kichwa chake kikavunjika. Niliporudi sikutaka kuhangaika na waya. Nikanunua kidude cha Wi-Fi, nikakichomeka nyuma ya sipiyu, palepale pembeni ya kile kidude cha bluetooth cha kipanya na kibodi yako, bega kwa bega, nikaisukuma sipiyu mpaka ukutani. Nikajisifu jinsi palivyopendeza.

Na alasiri? Alasiri ndipo ninapotuma kazi zote za siku mtandaoni zikahifadhiwe, kama ulivyonifundisha, picha za watu zisije zikapotea na mashine. Asubuhi kile kidude cha Wi-Fi karibu hakina kazi. Alasiri kinapiga kelele kwa nguvu zake zote, na jirani yake wa bluetooth, mwenye sauti ndogo, anajaribu kunieleza mkono wangu umekwenda wapi.

Nikakumbuka yule dereva wa bodaboda aliyeleta spika ya bluetooth akidai umemwuzia mbovu, inakatakata kila anapopakua filamu kwenye kompyuta yake. Ulimwambia, "Bluetooth na Wi-Fi vinaongea kwenye masafa yaleyale. Ukivibananisha, mwenye sauti kubwa anammeza mwenzake." Yule alikwenda zake ameridhika. Mimi nilikuwa nakula muhogo, na kumbe nilikuwa nasikiliza.

Basi nikasimamisha kutuma. Mshale ukatulia. Nikaanza kutuma, ukaruka. Nikasimamisha tena, ukatulia. Moyo ulinidunda kama nimekutana na mtu. Kisha, kitu kimoja kwa wakati, kama ulivyonilazimisha mpaka nikawa nakuchukia: nikachukua waya mfupi wa kurefushia, nikakitoa kidude cha bluetooth kule nyuma nikakileta mbele, juu ya meza, karibu na kipanya. Herufi zikaacha kujirudia. Mshale ukawa unasita mara mojamoja tu. Ndipo nikaingia kwenye ruta nikaihamishia Wi-Fi kwenye ile bendi ya juu, ya giga tano, ambako bluetooth haiendi. Nikatuma picha za harusi nzima, nikachapa Mheshimiwa mara kadhaa. Mashine ikawa kama maji mtungini.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini niliwaza, Bibi akija akakuta mashine imetulia, Mzee Athumani atasema umeona wageni ukajificha. Na wewe hukuwahi kukubali kazi ya namna hiyo. "Usiniambie umeutoa ugonjwa mpaka uweze kuuita urudi." Nikaona ni lazima niuite mbele yao.

Walikuja asubuhi. Niliomba waje asubuhi kwa makusudi, kwa sababu asubuhi hakuna aliyekuwa amesema ni saa yako. Bibi alikataa kukaa kwenye kiti chako, alikishika tu mgongoni, akakipapasa. Mzee Athumani alisimama mlangoni, mguu mmoja nje. Nikamshika Bibi mkono nikauweka juu ya kipanya. Hakuwahi kukishika. Aliusogeza mshale polepole, ukamfuata vizuri, akashangaa kidogo.

Kisha nikarudisha kila kitu kilivyokuwa: Wi-Fi kwenye bendi ya chini, kidude cha bluetooth kule nyuma bega kwa bega na mwenzake. Nikaanza kutuma. Mshale ukaganda mkononi mwa Bibi, halafu ukatimka. Mzee Athumani nikamwona yuko kibarazani, miguu yote miwili. Nikaleta kidude mbele, nikapandisha bendi. Ukatulia. Nikarudisha, ukatimka. Nikamwambia, "Bibi, ni kama unaongea na simu, halafu jirani ana harusi na maspika. Simu si mbovu, na anayekupigia si mbaya. Ukisogea mbali na maspika, mnasikilizana."

Bibi akauliza, "Kwa hiyo hakusahau kitu?"

"Hakusahau kitu, Bibi. Alimaliza kazi zake zote."

Akajifunika uso kwa khanga, mabega yakatikisika. Mzee Athumani akaingia, akakohoa, akaniuliza kama na spika yake ya nyumbani inayokatakata huenda ni mambo hayohayo. Nikamwambia ailete. Akatoa mfukoni ufunguo wake wa duka, ule aliokuja nao kufungia, akauweka mezani mbele yangu.

Nilijisikia fundi, Kaka. Nilisimama wima hapo ulipokuwa unasimama, nikatamani unione.

Walikuwa wameshatoka Bibi aliporudi peke yake, akaegemea mlango. Akasema chini chini, kama mtoto anayeomba kitu alichokatazwa, "Mwanangu, hebu mrudishe kidogo."

Nilielewa. Sikumweleza tena mambo ya masafa. Nikachomeka kidude nyuma, nikashusha bendi, nikaanza kutuma, nikasukuma kipanya mara moja nikaondoa mkono. Mshale ukasita, kisha ukakimbia wenyewe, kona hii mpaka kona ile. Tulisimama mimi na yeye tunautazama. Bibi alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka, jinsi mama anavyomtazama mtoto wake akicheza uani. Mimi nilijua ni Wi-Fi. Nilijua sababu yake, dawa yake na mahali pa kushika, na hata hivyo sikutaka uache.

Ni yeye aliyesema, "Basi. Mwache apumzike."

Nikausimamisha.

Tangu siku hiyo mashine imetulia. Wateja wa Kerenge wanaingia ndani. Mama Neema alikuja kuchukua barua yake, anasema yeye tangu mwanzo alijua ni mtandao. Nina furaha, na alasiri zimekuwa ndefu, nitakudanganya nini. Wakati ule wote niliokuwa nawabishia watu, kumbe kila alasiri nilikuwa nangoja saa hiyo kama wao.

Mungu akurehemu, Kaka Mhina. Nakuahidi kila atakayeingia hapa analia nitamwuliza kimebadilika nini, na nitanyamaza mpaka akumbuke. Nakuahidi hakuna ugonjwa nitakaosema nimeutoa kabla sijaweza kuuita. Na Bibi, kila nikienda Handeni, nitapita kumsalimia.

Pumzika. Mashine nimezima mwenyewe, na nimerudi mlangoni kuhakikisha.

Mimi wako,
Veneranda, ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja.