Utumbo Uliopewa Kazi Mpya

Mjukuu wangu Leokadia,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Babu yako mzima, anapukuchua mahindi.

Unauliza kwa nini kile kipande cha utumbo ambacho madaktari walikitumia kukutengenezea njia ya mkojo bado kinatoa ute. Ndiyo kazi kiliyozaliwa nayo! Daktari si alisema ute utapungua polepole? Wewe kunywa maji.

Mimi nilipotoka ziwani Wampembe kuja kuolewa huku mashambani Kate, nilikuta nyasi zimefukiwa kwenye matuta, nikazifukua zote nikidhani ni uchafu. Kumbe ndiyo mbolea. Mawifi walicheka mpaka wakakaa chini. Mama mkwe akasema, "Mwacheni, atazoea." Leo nafukia nyasi kama wao, ingawa dagaa sijaacha kula.

Usiugombeze huo utumbo, mama. Nao umeolewa juzi tu.

Bibi yako