Mizani na Wakulima Hawaonani

Jumatatu, 9 Juni
Toka Kabras hadi Mumias hakuna tovuti inayosimama bila mkono wangu. Hata kompyuta zinanijua. Leo tena ofisini Shianda, kwa kikundi chetu cha miwa. Tovuti nimeijenga kwa Django, programu ya kutengenezea tovuti, app mbili ndani: wakulima na mizani. Mizani inachukua jina la mkulima kutoka wakulima. Wakulima nayo inachukua uzito wa miwa kutoka mizani. Kazi safi. Imekataa kuwaka. Maandishi mekundu, madogo kama chawa. Mtu wa kiwango changu hasomi chawa.

Jumanne, 10 Juni
Bado. Nimehamisha mistari ya import, ile ya faili moja kuita jingine, ya juu chini, ya chini juu. Mgongo unauma. Mimi niliwahi kufufua kompyuta iliyopigwa na radi, mkono mmoja umeshika jogoo. Hii imenichosha.

Jumatano, 11 Juni
Mwenyekiti kaja. Ijumaa wanachama wanataka kuona zamu za kukata miwa kwenye simu zao. Isipowaka, kazi anapewa kijana wa Mumias. Nikasema mvua imeharibu mtandao. Mvua gani? Namchukia huyo kijana na simjui.

Alhamisi, 12 Juni
Nekesa, binti wa dada yangu, kaleta ingokho, kuku aliyepikwa, kutoka kwa mamake. Amesomea kompyuta. Akatazama mstari wa mwisho tu, akacheka.
"Khotsa, mjomba wangu, hawa ni mkwe na mama mkwe. Umeonanga mkwe akipokea chai mkononi mwa mama mkwe?"
"Wee! Inapitia kwa mtu mwingine."
"Sasa hapa kila mmoja anangoja mwenzake aingie kwanza. Weka mtu katikati."
Tukafungua app ya tatu, tukahamishia huko vitu ambavyo zote mbili zinahitaji. Zinachukua huko, haziitani tena. Ikawaka. Nikala paja langu la kuku.

Ijumaa, 13 Juni
Zamu zimeonekana. Kazi ni yangu. Nikawaambia wanachama suluhisho nililiota. Wakapiga makofi. Nekesa alipiga mara moja tu.

Jumamosi, 14 Juni
Nyumba imetulia. Nimechoka hadi kucha. Nimefungua picha ya lile kosa la Jumatatu, iko kwa simu. Mstari wa mwisho unasema wazi: pengine mafaili yanaitana kwa kuzunguka. Ulikuwa hapo wiki nzima.
Nimeusoma kwa miwani ya Rispa, mke wangu. Ya rangi ya waridi, ina vipepeo pembeni.
Naona vizuri sana.