Simu Imeninyang'anya Kiti kwa Mama

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya Kinyozi.
Jumapili asubuhi, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako, mshona nguo za watu asiyepata muda wa kushona zake. U hali gani huko ugenini? Kile kikohozi kimekwisha? Wifi yangu hajambo? Na binti yangu ameota meno mangapi sasa? Mimi mzima, isipokuwa goti na roho. Goti linauma nikikanyaga cherehani. Roho nitakueleza.

Usishangae kupata karatasi. Najua Kitinda, huyo kitinda mimba wetu, alishakusimulia kila kitu kwa simu siku ileile ya ugomvi wetu. Yeye hutia chumvi. Nataka usikie upande wangu.

Unajua tangu uondoke, pesa ya Mama ilipitia kwangu. Kila mwisho wa mwezi nilipanga foleni benki, nikatia noti kwenye bahasha, nikapanda basi mpaka kwa Mama. Ananiwekea kiti cha dirishani, ananimiminia chai kabla ya mtu mwingine yeyote, halafu ananishika kichwa na kuniombea. Kitinda anaishi naye, lakini siku hiyo alikaa mkekani akasubiri kikombe cha pili. Nilikuwa najiona, sikufichi!

Kitinda akaleta habari za benki ya kwenye simu. Mama akakataa katakata: "Pesa nisiyoishika si yangu." Nilifurahi mpaka nikamshonea gauni. Nikadhani yameishia hapo.

Kumbe mambo yalianzia dukani. Mwenye duka alijiunga kwa sababu anayemletea unga hataki tena noti. Muuza maziwa akajiunga kwa sababu ya mwenye duka. Walipokuwa wawili tuliwacheka, maana utamtumia nani? Kisha akaingia fundi viatu, akamvuta mkewe, mke akawavuta majirani, na kila aliyeingia akawa sababu ya mwingine kuingia. Kufumba na kufumbua, asiyekuwamo ndiye anayechekwa. Muuza maziwa akaacha kubeba chenji. Mama alikunywa chai ya rangi siku tatu, siku ya nne akamwita Kitinda: "Lete hiyo simu."

Mimi hakuna aliyeniambia. Wote mlikuwa mnaambiana humo humo, na mimi simo. Nikaenda benki kama kawaida, karani wa dirishani akasema hakuna kilichoingia. Moyo ulinilipuka! Nikasema umefukuzwa kazi, au unaumwa. Nikakimbilia kwa Mama na kandambili mguuni.

Nikamkuta Kitinda amekaa kwenye kiti changu. Kikombe cha kwanza kiko mkononi mwake. Anamsomea Mama ujumbe wako, wanacheka. "Pesa imefika tangu jana, dada," akaniambia, wala hakusimama. Jamani, roho iliniuma! Nikamtolea uvivu pale pale, nikamwambia ameniibia mama. Mama akaniita ninywe chai. Nikaondoka bila kunywa.

Miezi miwili sikukanyaga kwa Mama. Nilijitia niko sawa, lakini nikisikia simu ya mteja inalia najiambia ni Kitinda anasifiwa. Kijiba cha roho hicho, mdogo wangu, na mimi mwenyewe nakijua kwa jina. Nawe nilikununia, nisamehe.

Sikulegezwa na mapenzi, nimelegezwa na wateja. Bibi harusi alileta kitambaa, akauliza namba ya kunilipa, nikasema mimi ni wa noti. Akakunja kitambaa chake, akavuka barabara kwa mwenzangu. Wiki hiyo walivuka watatu. Jana nikarudi kwa yule karani, akaniandikisha huku anatabasamu. Kwenye simu yakatokea majina ya watu wangu waliomo. Kinyozi. Muuza maziwa. Hata yule shemeji asiyejua kuweka saa sawa. Mama yumo. Mimi ndiye wa mwisho kabisa!

Kumbe na simu zao huwaarifu mtu mpya akiingia. Hata sijafika nyumbani, ikalia: pesa kidogo kutoka kwa Mama, na maneno yamebanana bila nafasi, herufi nyingine zimekosewa, kwa hiyo si Kitinda aliyeandika. Nilisimama njiani nikayatenganisha polepole: "Nauli hiyo. Njoo kesho. Kiti chako hakuna wa kukikalia."

Nililia mbele ya duka la watu.

Basi la saa nne ndilo nitakalopanda, na nauli nitalipa yangu. Ile ya Mama sitaigusa. Kitinda analala naye nyumba moja, hawezi kutumiwa nauli ya kwenda kwa Mama hata siku moja, na hilo limenifurahisha, Mungu anisamehe. Pesa hii sijaishika kwa mkono, lakini ni yangu peke yangu.

Msalimie wifi, mbusu binti yangu, na mwambie kaka mkubwa wa wifi kuwa sketi aliyoniagiza nimshonee mkewe iko tayari. Mungu akulinde kazini na akurudishe tukiwa wote wazima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna,
Fundi Cherehani.